Balansi: Kusawazisha Nini?

Anayefunga matairi mapya huulizwa gereji kama atapiga na balansi. Neno hilo likitafutiwa Kiswahili, linalokuja mbele ni kusawazisha. Si kosa, ila halisemi kinachosawazishwa, na upungufu huo una gharama: alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, nayo huitwa vivyo hivyo. Gari linalovuta upande mmoja na kula tairi ukingoni lina tatizo la pembe. Linalotetemesha usukani likikolea mwendo, mara nyingi tatizo lake ni uzito. Mteja anayeomba tu "kusawazishiwa" anaweza kulipia kazi asiyoihitaji.

Katika balansi kinachosawazishwa ni uzito, tena si wa tairi peke yake bali wa gurudumu zima: tairi, rimu na valvu vikiwa vimeshafungwa pamoja. Atakayesema tairi jipya halihitaji kazi hiyo asahau upya wake, kwani hata kiwandani maungio ya tabaka za mpira huacha upande mmoja mzito kidogo. Je, gramu chache zina madhara gani? Gramu 30 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, gurudumu likiwa na kipenyo cha sentimita 60 na gari likienda kilomita 100 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5, na mvuto huo huzunguka zaidi ya mara 14 kila sekunde. Mwendo ukiwa nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Ndiyo maana gari hutulia mjini likaja kutetema barabara kuu. Isitoshe, gurudumu linaweza kutulia kabisa likiwa limesimama, kisha likayumba likizungushwa, kwa sababu uzito wa upande wa ndani haukukabili ule wa nje. Hivyo mashine hulizungusha, na fundi hubandika vipande vya risasi au zinki pande zote mbili.

Wapo watakaopendelea urari, kama katika urari wa biashara. Ni jina zuri la hali inayopatikana, lakini kazi yenyewe yataka kitenzi. Kwa hiyo vitabu vya ufundi viandike "kusawazisha uzito wa gurudumu", na alaimenti iwe "kurekebisha pembe". Ni maneno marefu, nakubali, na fundi ataendelea kusema balansi. Hana kosa, maana hata tairi na breki tulivikopa.