Gari la zamani na mafuta ya shida: namna ya kulinda pampu, chujio na nozeli

Magari mengi madogo tunayoyaona kati ya Dodoma, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa ni ya umri mkubwa: Corolla, Carina, Corona, Mark II, Sunny. Yalitengenezwa Japani, yakatumika huko, kisha yakaja kwetu. Hubeba abiria na magunia, na usiku hubeba mgonjwa au mama mjamzito kwenda hospitali. Gari likizima katikati ya pori kwa sababu ya mafuta, hasara si ya fedha peke yake. Makala hii inaeleza mafuta mabaya ni yapi, yanaharibu nini, na mwenye gari afanye nini mapema.

Mafuta yanaharibika wapi?

Petroli yetu huingia nchini kwa meli kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha malori huileta huku kati. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi. Kabla ya kufika kwenye tangi la gari lako, mafuta yamepita mikono mingi, na yanaweza kuharibika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni maji. Matangi ya sheli yamefukiwa chini ya ardhi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikinyesha kwa nguvu, maji yanaweza kupenya kwenye mfuniko usiobana. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, mahali pampu inapovuta.

Ya pili ni uchafu: vumbi, mchanga na kutu. Petroli ya kwenye madumu na chupa, inayouzwa vijijini ambako sheli iko mbali, ndiyo yenye hatari zaidi. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula halisafishiki kabisa, na petroli iliyokaa juani kwa miezi hupoteza nguvu na kuacha ulimbo.

Ya tatu ni kuchakachua, yaani kuchanganya petroli na mafuta ya taa au kitu kingine cha bei ndogo. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili wananchi wapate mwanga, na wajanja wakaona faida hapo. Kuanzia Septemba 2010, chini ya usimamizi wa EWURA, mafuta ya soko la ndani yalianza kuwekewa vinasaba. Hiki ni kitu maalum ambacho wakaguzi hukipima: kikipungua kuliko inavyotakiwa, mafuta yamechanganywa, au ni yale ya kwenda nchi jirani yaliyomwagwa hapa bila kodi. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida hiyo iondoke.

Mafuta ya taa yanaifanya nini injini ya petroli?

Petroli hugeuka mvuke hata kwenye joto la kawaida. Mafuta ya taa yanahitaji joto kubwa, zaidi ya nyuzi 150. Asubuhi ya baridi ya Juni au Julai, gari lenye mchanganyiko huo hukataa kuwaka, au huwaka kwa moshi na kutetemeka. Mafuta yasiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na haikingi vyuma vizuri. Ukipanda mlima na mzigo, injini hugonga kama misumari ndani ya kopo. Ukiliendesha hivyo kwa muda mrefu, pistoni zinaweza kuharibika.

Kwa hiyo usikubali ushauri wa kutia mafuta ya taa kidogo "kusafisha nozeli". Hayasafishi.

Safari ya mafuta ndani ya gari

Ukiijua njia hii, hutadanganywa gereji. Katika magari ya EFI, pampu ya umeme imo ndani ya tangi. Kwenye mdomo wake kuna chujio dogo la wavu. Pampu husukuma mafuta kwa mgandamizo wa takribani ba 3 kupitia chujio kubwa, kisha kwenye nozeli, nazo hunyunyiza mafuta kama ukungu. Tundu za nozeli ni ndogo sana, na chembe ya uchafu inatosha kuharibu mnyunyizo.

Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 chujio kubwa liko chini ya boneti, rahisi kulifikia. Kwenye magari ya baadaye kidogo, kama Premio za miaka ya 2000, limeunganishwa na pampu ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma.

Gari la zamani zaidi lenye kabureta huvumilia uchafu kidogo, na kabureta husafishika. Magari yenye injini ya D-4 ndiyo yasiyovumilia kabisa. Yana pampu ya pili yenye mgandamizo mkubwa sana, ambayo hulainishwa na petroli yenyewe. Mwenye D-4 asinunue mafuta ya chupa.

Dalili za kuangalia

- Gari linamisi au silensa haitulii mara tu baada ya kujaza mafuta: shuku maji au mafuta yaliyochanganywa.
- Linakwenda vizuri taratibu, lakini likipanda mlima au ukikanyaga linakosa nguvu: shuku chujio lililoziba au pampu iliyochoka.
- Linazima likipata joto, likipoa linawaka: pampu inaweza kuwa inakufa, ingawa mfumo wa umeme wa plagi nao huleta dalili hii.
- Harufu ya petroli ndani ya gari: kuna mahali panavuja. Usiendelee na safari.

Gari likikataa kuwaka, usikimbilie kununua pampu. Angalia kwanza fyuzi, relei, vichwa vya betri na waya wa ethi. Kisha mtu mmoja apige stata, mwingine asikilize karibu na kiti cha nyuma. Pampu nzima hutoa mvumo. Magari mengine huvuma sekunde mbili ukifungua swichi tu, lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 huvuma pale tu stata inapopigwa. Ukimya kabla ya stata kwenye gari hizo si ushahidi kwamba pampu imekufa.

Kipimo cha nyumbani

Chukua chupa ya kioo safi na kavu, weka petroli kidogo, iache itulie nusu saa mahali palipo mbali na moto. Maji yataonekana kama matone au tabaka chini, na uchafu nao utatua. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama. Doa la mafuta likibaki, shuku mafuta ya taa au dizeli. Kipimo hiki hakitoshi mbele ya sheria, lakini kinakutosha wewe kuamua usiwashe gari.

Matunzo ya kawaida

1. Usishuke chini ya robo tangi. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikaribia kukauka, pampu hupata joto na huvuta mashapo ya chini.
2. Badilisha chujio kubwa kila kilomita 20,000 hivi, au mara moja kwa mwaka kwa gari la barabara za vumbi. Ukibadilisha pampu, badilisha na wavu wake.
3. Hakikisha mfuniko wa tangi unabana. Kitambaa au mfuko wa plastiki si mfuniko.
4. Kagua mipira ya mafuta. Ikipasuka au kukauka, nunua mpira wa petroli wenye klipu, si mpira wa maji.
5. Ukikuta lori linashusha mafuta sheli, nenda kwingine au subiri. Mafuta yanayoshushwa huchafua mashapo ya tangi.
6. Maji yakiingia, usijaribu kuyamaliza kwa kuendesha. Fundi amwage tangi lote, asafishe mirija na kubadilisha chujio. Mafuta hayo yasimwagwe karibu na kisima.

Usalama kwanza

Kabla ya kufungua mrija wowote, mgandamizo uondolewe: chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inanguruma, izime yenyewe, kisha ondoa kichwa hasi cha betri. Injini iwe imepoa. Pasiwe na sigara, jiko wala koroboi karibu.

Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu huua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe kituo cha afya mara moja. Vilevile dumu la petroli lisitiwe mafuta ya taa ya nyumbani, kwani petroli kidogo tu ndani ya koroboi inaweza kulipua nyumba. Na lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii ya kuja Dodoma, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kulipuka watu wakichota.

Ukiuziwa mafuta mabaya

Dai risiti kila unapojaza. Tatizo likitokea, andika saa na namba ya pampu, rudi kwa msimamizi, na sampuli ichukuliwe mbele yake katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Mwombe fundi aandike alichokikuta. Msipoelewana, peleka malalamiko EWURA, ambao makao makuu yao yapo hapa Dodoma. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linalosaidia wateja. Kama tatizo ni ujazo pungufu, wanaohusika ni Wakala wa Vipimo.

Kuhusu bei, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Anayekuuzia chini sana ya wenzake wote, muulize mwenyewe nafuu hiyo ameipata wapi. Na kama gari lako ndilo linalotegemewa kijijini usiku, weka chujio jipya la akiba kwenye buti leo, kabla ya mvua.