Mbio za kutibu kisukari, na fedha zilizopotea njiani

Tukisikia kampuni ya dawa imekula hasara, wengi wetu tunadhani dawa yake haikufanya kazi. Nimekuwa nikifuatilia historia ya kutafuta tiba ya kisukari na nimegundua mambo si mepesi hivyo. Unaweza kuwa na wazo zuri, wanasayansi wazuri na fedha za kutosha, halafu mwenzako akakupita kwa njia nyingine. Ndio maana nimeona leo niwasimulie habari ya kampuni iitwayo ViaCyte.

Kwanza tuelewane. Kisukari ninachozungumzia ni aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni. Kinga ya mwili huzigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Insulini ya sindano, iliyoanza kutumika Toronto mwaka 1922, humweka mgonjwa hai lakini haimponyi. Kumponya maana yake ni kumrudishia zile seli. Hapo yanazuka maswali mawili: utazipata wapi, na utazilinda vipi zisiuawe tena?

Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, wakiongozwa na James Shapiro, walitangaza kwamba wagonjwa 7 waliopandikizwa seli kutoka kongosho za marehemu wameacha sindano. Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki. Lakini mgonjwa mmoja alihitaji kongosho zaidi ya moja, na alipaswa kumeza dawa za kudhoofisha kinga maisha yake yote. Baada ya miaka 5, ni kama mmoja tu kati ya 10 aliyekuwa bado hatumii sindano.

Sasa wenye fedha wakaona mwanya. Kama kongosho za marehemu hazitoshi, kwa nini seli zisitengenezwe maabara kutokana na seli shina? Kampuni ya Novocell ya San Diego, ambayo mwaka 2010 ilibadili jina kuwa ViaCyte, ilikuwa ya mwanzo katika njia hiyo. Ilitaka kujibu maswali yote mawili kwa mpigo: seli zitoke maabara, kisha zifungwe ndani ya kifuko bapa na kuwekwa chini ya ngozi. Sukari na insulini zinapita, askari wa kinga hawapiti. Wazo tamu kweli kweli! Mfuko wa umma wa California wa utafiti wa seli shina, ulioanzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2004, uliipa zaidi ya dola milioni 70. Kwa hiyo hata muuza duka wa kule ambaye hajawahi kununua hisa alikuwa na chake humo.

Majaribio kwa binadamu yalianza 2014. Mwili ukakizungushia kifuko kovu, seli zikakosa hewa na nyingi zikafa. Wakatoboa matundu ili mishipa ya damu iingie. Mishipa ikaingia, lakini kinga nayo ikapata mlango, kwa hiyo dawa za kuidhoofisha zikarudi.

Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwapo Doug Melton. Mtoto wake wa kiume, Sam, aligundulika na kisukari akiwa na umri wa miezi 6, na miaka kadhaa baadaye binti yake Emma naye akaugua. Baba akaacha utafiti aliokuwa akiufanya, akageukia ugonjwa huu. Oktoba 2014 maabara yake ilichapisha namna ya kutengeneza seli hizo kwa wingi. Kampuni iliyozaliwa hapo iliitwa Semma, yaani Sam na Emma. Mwaka 2019 Vertex ya Boston iliinunua kwa dola milioni 950.

Angalieni tarehe zifuatazo. Oktoba 2021 Vertex ilitangaza kwamba mgonjwa wake wa kwanza, aliyepewa nusu dozi tu kupitia mshipa wa ini, amepunguza insulini kwa asilimia 91 katika siku 90. Desemba hiyo hiyo ViaCyte ikachapisha matokeo ya wagonjwa 17. Seli za baadhi yao zilikuwa hai na zikitoa insulini, jambo ambalo miaka michache nyuma lingekuwa habari kubwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeacha sindano. Kwa mwekezaji, kulinganisha hakukuhitaji shahada. Julai 2022 Vertex ikatangaza kuinunua ViaCyte kwa dola milioni 320, yaani theluthi ya bei ya Semma, ingawa ViaCyte ndiyo iliyotangulia barabarani kwa miaka mingi.

Msidhani Vertex imelala usingizi mzuri tangu hapo. Ni kweli kwamba Juni 2025 ilionyesha wagonjwa 10 kati ya 12 waliopata dozi kamili wakiwa hawatumii insulini baada ya mwaka. Lakini dawa za kudhoofisha kinga bado zipo, na mgonjwa mmoja katika jaribio hilo alifariki kwa maambukizi ya fangasi kwenye utando wa ubongo. Jaribio lake la kuziweka seli hizo kwenye kifuko liliachwa Machi 2025 kwa sababu insulini iliyotoka haikutosha.

Na njia nyingine ilikuwa imeshafunguka. Januari 2025 kampuni ya Sana ilitangaza kwamba madaktari wa Uppsala, Sweden, wamempandikiza mtu mmoja seli za kongosho ya marehemu zilizobadilishwa jeni ili kinga isizitambue. Waliziweka kwenye msuli wa mkono. Hakupewa dawa ya kudhoofisha kinga hata kidonge kimoja. Dozi ilikuwa ndogo, kwa hiyo bado alihitaji sindano, ila baada ya wiki 12 seli zilikuwa hai na zinatoa insulini. Vertex nayo inatafiti seli za namna hiyo, baada ya kutoa dola milioni 1,270 kununua kampuni mbili za njia ya zamani.