Rudisha: Majeraha yalivyomwandama bingwa wa mita 800

MWANARIADHA David Rudisha wa Kenya hukumbukwa zaidi kwa rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:40.91, aliyoiweka katika fainali ya Olimpiki mjini London Agosti 9, 2012. Lisilokumbukwa sana ni kwamba baada ya siku ile hakuwahi tena kupata miaka miwili mfululizo ya afya kamili. Dhahabu zake mbili zilizofuata alizipata baada ya jeraha la goti la mwaka 2013.

Rudisha alizaliwa Desemba 1988 na kukulia Kilgoris, katika jamii ya Wamaasai. Baba yake, Daniel, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa nishani ya fedha ya mita 400 kwa wanne kupokezana kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kijana huyo alinolewa Iten na Bradha Colm O'Connell wa shule ya St Patrick's, na mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana mjini Beijing.

Jeraha lilimtangulia kabla ya umaarufu. Mwaka 2008, Olimpiki ilipofanyika katika mji huo huo wa Beijing, alibaki nyumbani kwa sababu ya kuumia. Miaka miwili baadaye, Agosti 2010, aliivunja rekodi ya Wilson Kipketer iliyodumu tangu mwaka 1997, kisha akaivunja yake mwenyewe baada ya wiki moja tu.

Kwa nini mita 800 huumiza

Mbio hizi zina mizunguko miwili tu ya uwanja, lakini mzunguko wa kwanza hukimbiwa kwa kasi isiyo mbali sana na ile ya mita 400. Mjini London, Rudisha alipita mita 400 kwa sekunde 49.28, akiongoza tangu mwanzo bila mtu wa kumkatia upepo. Kila hatua hutua kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na mzigo huo huangukia goti, paja na kifundo cha mguu, hasa kwenye kona.

Ugumu wa kupona ni kwamba viungo havirudi kwa mwendo mmoja. Pumzi na misuli hurejea mapema, ilhali mfupa na kano huchelewa. Mwanariadha hujiona yuko tayari wakati goti halijawa tayari, na akiongeza kasi mapema hurudishwa alikoanzia. Ndiyo maana kwa mkimbiaji wa masafa ya kati kasi kali huwa kitu cha mwisho kurejeshwa mazoezini.

Goti la mwaka 2013

Mei 2013, muda mfupi baada ya kushinda mjini Doha, Rudisha aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Mashindano ya dunia ya Moscow mwezi Agosti yalifanyika bila yeye, na taji lake likachukuliwa na Mohammed Aman wa Ethiopia.

Alirejea mwishoni mwa Mei 2014 mjini Eugene, Marekani, akamaliza wa saba. Miezi miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, alipata fedha nyuma ya Nijel Amos wa Botswana, kijana aliyekuwa wa pili nyuma yake London. Mei 2015 alilazimika kusimama katikati ya mbio mjini Ostrava kwa maumivu ya mguu.

Hivyo alipofika Beijing Agosti 2015 kwa mashindano ya dunia, wengi hawakumtarajia. Safari hii hakukimbia kama alivyozoeleka. Aliongoza kwa mwendo wa taratibu, mzunguko wa kwanza ukachukua zaidi ya sekunde 54, kisha akawaacha wenzake mwishoni kwa dakika 1:45.84. Mtu aliyezoea kushinda kwa nguvu alishinda kwa hesabu.

Mwaka uliofuata alikuwa wa tatu katika mchujo wa Kenya mjini Eldoret, nafasi ya mwisho ya kwenda Rio. Huko alishinda kwa dakika 1:42.15, akawa wa kwanza kutetea dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 tangu Peter Snell wa New Zealand mwaka 1964.

Mwisho wa safari

Julai 2017 alikimbia nchini Hungary, na hiyo ikawa mbio yake ya mwisho ya ushindani. Msuli wa paja ulimzuia kwenda kwenye mashindano ya dunia ya London mwezi uliofuata. Agosti 2019 alinusurika ajali ya gari. Mei 2020, akiwa anatembea tu nyumbani kwake Kilgoris, alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto na kufanyiwa upasuaji. Olimpiki ya Tokyo, iliyosogezwa hadi mwaka 2021, ilifanyika bila yeye kutetea taji lake.

Rekodi yenyewe ilidumu kuliko miguu iliyoiweka. Mwaka 2024 Mkenya mwenzake, Emmanuel Wanyonyi, alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Paris na baadaye akakimbia dakika 1:41.11 mjini Lausanne. Hata hivyo, msimu wa 2025 ulipomalizika, muda wa London ulikuwa bado haujafikiwa na yeyote.