Mstari Mmoja, Kidole Hakiinuki

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti mzaliwa wa Hungaria, Emil Torday, alifika kwa Wabushong wa ufalme wa Kuba, katika eneo la Kasai nchini Kongo. Aliwakuta watoto wameketi chini, wanachora mchangani. Bila kukawia wakampa mtihani: achore umbo kama lao, lenye mistari iliyopishana kama wavu, asiinue kidole wala asirudie mstari aliokwisha kuuchora. Torday akashindwa. Watoto wakafurahi mno.

Siri ya fumbo lile iko kwenye makutano ya mistari. Penye makutano ya mistari miwili au minne, kidole kinaingia na kutoka bila taabu. Penye mitatu au mitano, kinaingia, kinatoka, kisha kinaingia tena na kukwama. Basi umbo likiwa na makutano mawili ya namna hiyo, lazima uanzie kwenye moja na kumalizia kwenye jingine. Yakizidi mawili, haliwezekani kabisa. Ukianza penginepo, hata uwe na subira ya namna gani, hufiki mwisho. Watoto wa Kibushong walijua pa kuanzia.

Mwaka 1736, mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alitatua swali la jamii hiyohiyo kuhusu mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Je, mtu anaweza kuyavuka madaraja yote 7 ya mji huo, kila moja mara moja tu? Alionyesha kwamba haiwezekani, na kutokana na kazi hiyo likachipuka tawi zima la hisabati linalochunguza mitandao. Euler anastahili sifa zake. Lakini wanafunzi wa Kiafrika wanaofundishwa habari za madaraja hayo wana haki ya kusikia pia kwamba watoto wa Kasai walikuwa wakicheza na swali lilelile.

Kusini zaidi, kwa Wachokwe wa kaskazini-mashariki mwa Angola na majirani zao wa Kongo na Zambia, uchoraji wa mchangani ulifika mbali kuliko mchezo wa watoto. Mchoro mmoja huitwa lusona. Ikiwa mingi, sona. Wavulana walijifunza ile rahisi jandoni, ambako kwao huitwa mukanda. Ile migumu ilibaki mikononi mwa mafundi wachache, walioirithisha kwa watu wa karibu nao.

Fundi husafisha ardhi kwanza na kuisawazisha kwa kiganja. Kisha hubonyeza nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, zikiwa zimeachana kwa nafasi sawa. Hapo ndipo mstari unapoanza safari: unapita kimshazari katikati ya nukta, ukifika ukingoni unakunja kona na kurudi ndani, mpaka kila nukta imezungukwa. Mkono hausiti, maana kusita katikati ya mchoro mbele ya watazamaji ni dalili kwamba huujui.

Chukua sona za mtindo wa mkeka. Nukta zikiwa safu 5 zenye nukta 6 kila moja, mstari mmoja unazizunguka zote na kurudi ulikoanzia. Zikiwa safu 4 za nukta 6, mstari unarudi nyumbani mapema na kuacha sehemu haijaguswa, kwa hiyo unahitajika mstari wa pili. Idadi ya mistari inayohitajika ni kile ambacho watoto wa shule za msingi Tanzania wanakifahamu kama kigawo kikubwa cha shirika, yaani KKS: cha 5 na 6 ni 1, cha 4 na 6 ni 2. Anayetaka kuhakikisha aanze na safu 2 za nukta 3, penseli na karatasi.

Mkono ukichora, mdomo husimulia. Moja ya sona zinazojulikana sana inaeleza asili ya kifo. Jua lilikwenda kumwona Mungu, likapewa jogoo. Alfajiri jogoo akawika, na Mungu akaliamuru jua lirudi kila asubuhi. Mwezi nao ukapewa jogoo, ukamtunza, ukaambiwa urudi kila baada ya siku 28. Mwanadamu alipofika, njaa ya safari ilimzidi, akamla wake. Mungu akamwambia kwamba kwa kuwa amemuua jogoo, naye atakufa, ila akifa atarudi kwake. Katika mchoro huo Mungu yuko juu, mtu chini, jua na mwezi pembeni, na mstari unawaunganisha wote.

Mchanga hautunzi kitu. Ukoloni ulipovuruga maisha ya vijiji, mafundi walizidi kupungua, na wengine walikufa na ujuzi wao. Sehemu iliyosalia tunaifahamu kwa sababu watu wachache waliinakili kwenye karatasi. Miongoni mwao ni Mário Fontinha, ambaye kitabu chake cha michoro ya Wachokwe kilitoka 1983, na Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza kutoka kwa wachoraji wa Angola na Zambia.

Aliyeirudisha michoro hiyo kwa watoto ni Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014. Alichambua hisabati ya sona katika vitabu vizito vya wataalamu, lakini aliandika pia vya watoto, vyenye michoro ambayo msomaji huendeleza au hutafuta iliyokosekana. Naona kazi hiyo ya pili haina uzito mdogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa sona hueleweka kwa kuchorwa, si kwa kutazamwa. Desemba 2023, UNESCO iliziingiza sona za Angola katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na sasa Angola ina kazi ya kuzifikisha madarasani.