Waya wa Feni Uliokatika

Feni ndogo ya mezani ina sehemu chache, na mara nyingi kinachoharibika kwanza si mota bali waya. Waya hupindwa kila siku pale uingiapo katika kitako cha feni, hata nyuzi zake za shaba hukatika moja moja ndani ya ganda, na kwa nje usione jeraha lo lote. Huko Waithaka, magharibi ya Nairobi, fundi wa kando ya barabara huondoa hitilafu hiyo kwa muda mfupi. Lakini njia iliyoleta umeme na fundi mahali pamoja ilikuwa ndefu.

Mwaka wa 1922 makampuni ya umeme ya Mombasa na Nairobi yaliungana, ikazaliwa East African Power and Lighting. Mwaka wa 1954 likafunguliwa bwawa la Owen Falls huko Jinja, na kabla ya miaka ya hamsini kwisha, nguvu za Mto Nile zilikuwa zimefika Nairobi. Waithaka wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Kiambu. Iliingia Nairobi mipaka ya mji ilipopanuliwa mwaka wa 1963. Kuingia mjini hakukuwa kuingia nuruni: kwa miaka mingi baadaye, jamaa nyingi za viungani ziliendelea kuwasha taa za mafuta.

Fundi naye hakupewa heshima upesi. Mafundi wasio na kibanda, ndio walioitwa jua kali, walifukuzwa mara kwa mara na askari wa baraza la jiji. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya, likashuhudia kwamba kazi zao zina faida na zastahili kusaidiwa. Hata hivyo vibanda vya Kamukunji vilingoja hadi miaka ya 1980.

Ujuzi wao si wa kubahatisha. Fundi mwema huchomoa plagi kwanza, maana volti 240 huua. Hupima waya kwa mita huku akiupinda polepole hata apate palipokatika, kisha hukata kipande chote kibovu, kwani nyuzi zilizo jirani nacho zimekwisha kuchoka. Nyuzi nzima husokotwa na kutiwa lehemu. Zikisokotwa tu huweza kulegea, na penye mguso hafifu joto hupanda hata kuyeyusha ganda. Kila kiungo hufungwa utepe peke yake, wala viungo viwili havikai sambamba, visije vikagusana. Mwisho waya hubanwa ndani ya kitako, ili mtoto akiuvuta, mvuto usiifikie lehemu.