Orodha Isiyo na Mtunzaji: Historia ya Kubadilishana Figo kwa Siri

Historia ya kubadilishana figo baina ya familia zisizofahamiana ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja la kiutawala, yaani nani akabidhiwe orodha. Swali hilo halikuwapo tarehe 23 Desemba 1954, pale Joseph Murray na wenzake wa hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston walipofanikiwa kwa mara ya kwanza kupandikiza figo, kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick, ambao miili yao haikuwa na la kufichana. Kwa wagonjwa wasiozaliwa na pacha wa namna hiyo, mwili huitambua figo ya mtu mwingine kuwa ni mgeni na kuishambulia, na dawa za kutuliza kinga ya mwili zilizoanza kutumika miaka ya 1960 zilipunguza tatizo hilo bila kuliondoa.

Vikwazo viwili vilibaki. Cha kwanza ni kundi la damu, ambalo Karl Landsteiner alilieleza mwaka 1901. Mgonjwa wa kundi O, kwa mfano, kwa kawaida hupokea figo ya mtu wa kundi O tu. Cha pili ni alama zilizo juu ya seli za tishu, ambazo Mfaransa Jean Dausset alifungua njia ya kuzitambua mwaka 1958, pamoja na kingamwili, yaani protini za ulinzi ambazo huenda mgonjwa amekwisha kuzijenga dhidi ya alama za watu wengine kutokana na kuongezewa damu, kupandikizwa kiungo au kubeba mimba. Sababu hiyo ya mwisho ina ukatili wake: mwanamke aliyemzalia mumewe watoto anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya tishu za mume huyohuyo, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kujitolea figo.

Mwaka 1986 Felix Rapaport alipendekeza kuundwa kwa daftari la kimataifa ambamo familia zilizokwama zingebadilishana watoaji, kiasi kwamba mume wa mgonjwa wa kwanza ampe figo mgonjwa wa pili, na ndugu wa mgonjwa wa pili amrudishie wa kwanza. Korea Kusini ililifanyia kazi wazo hilo mwaka 1991, Basel nchini Uswisi ikafuata mwaka 1999, na Uholanzi ikaanzisha mpango wa taifa zima mwaka 2004. Kwa kuwa hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu atoe figo aliyoiahidi, upasuaji wa pande zote ulipangwa ufanyike kwa wakati mmoja, hivyo jozi mbili zilihitaji vyumba vinne na timu nne za wapasuaji, na jozi tatu zikahitaji sita.

Wakati madaktari wakihangaika na vyumba, wataalamu wa uchumi walikuwa wamekwisha kulitatua fumbo linalofanana nalo bila kufikiria figo hata kidogo. Mwaka 1974 Lloyd Shapley na Herbert Scarf walichambua soko lisilo na fedha ambamo kila mtu ana nyumba moja na anatamani nyumba ya mwingine, wakaonyesha namna ya kupata mizunguko ya mabadilishano ambayo hakuna kundi la washiriki litakaloona faida ya kujitoa. Alvin Roth, Tayfun Sönmez na Utku Ünver waliihamishia hesabu hiyo kwenye figo katika makala yao ya mwaka 2004, na kwa kushirikiana na wapasuaji wa Boston wakasaidia kuanzisha mpango wa kubadilishana figo wa majimbo ya New England. Mabadilishano ya jozi mbilimbili yalikuwa na mbinu ya haraka iliyogunduliwa na Jack Edmonds mwaka 1965. Ila mizunguko ya jozi tatu ikiruhusiwa, tatizo huingia katika jamii ya matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yanapokuwa makubwa. Sheria nayo ilibidi inyooshwe, kwa kuwa Marekani ilikuwa imepiga marufuku mwaka 1984 kutoa kiungo kwa malipo ya thamani yoyote, na kulikuwa na hofu kwamba figo kwa figo ni malipo, hadi Bunge la nchi hiyo lilipotamka mwaka 2007 kwamba sivyo. Shapley na Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Mafanikio hayo yote yalisimama juu ya dhana moja ambayo haikujadiliwa sana, nayo ni kwamba hospitali zitamkabidhi mtunzaji mmoja orodha kamili ya wagonjwa na watoaji wao. Orodha hiyo si daftari la majina tu. Alama za tishu hurithiwa, kwa hiyo zinaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayedhaniwa. Na anayejua ni mtoaji gani anayemfaa mgonjwa gani anajua pia ni nani wa kushawishiwa, kutishwa au kununuliwa. Zaidi ya hapo, mtunzaji mwenye uwezo wa kuona kila kitu anaweza kumsogeza mbele amtakaye. Ujerumani ilijifunza jambo hilo kwa machungu mwaka 2012, ingawa kwa orodha ya aina nyingine, pale ilipobainika kwamba katika baadhi ya vituo vya upandikizaji taarifa za wagonjwa waliokuwa wakingojea ini zilichakachuliwa ili waonekane mahututi kuliko walivyokuwa, na idadi ya viungo vinavyotolewa baada ya kifo ikashuka.

Dawa iliyopendekezwa ilitoka katika taaluma ambayo haikuwa na habari na hospitali. Mwaka 1979 Adi Shamir alieleza namna ya kuigawa siri vipande ambavyo kimoja kimoja havina maana yoyote, na mwaka 1982 Andrew Yao akauliza jinsi matajiri wawili wanavyoweza kujua nani ana mali zaidi pasipo yeyote kutaja kiasi chake. Katika sura yake nyepesi, mbinu ya kugawa siri ni hii: hospitali inayotaka kuficha tarakimu 9 huchagua kwa bahati nasibu tarakimu mbili, tuseme 4 na 7, kisha hutafuta ya tatu, 8, ili jumla iwe 19, ambayo huishia na 9. Kila tarakimu hupelekwa kwa seva yake, na seva yenye 4 pekee haina njia ya kujua kama siri ni 9, 2 au 6. Seva hizo zinaweza kujumlisha vipande vya hospitali mbalimbali bila kuviunganisha, na kwa kupelekeana ujumbe zinaweza hata kuzidisha. Na kwa kuwa hesabu yoyote ya kompyuta inaweza kujengwa kwa kujumlisha na kuzidisha, hakuna hesabu ambayo kimsingi haiwezi kufanyika gizani.

Kazi kubwa ya kwanza ya mbinu hizo nje ya vyuo ilihusu viazi-sukari, zao ambalo Denmark hutengenezea sukari. Januari 2008 wakulima wapatao 1,200 wa nchi hiyo waliuziana haki za uzalishaji kwa mnada ambao bei zao hazikuonwa na yeyote, maana mnunuzi wa mazao yao alikuwa kampuni moja tu, Danisco, na mkulima aliyefichua bei yake angekuwa amefichua pia udhaifu wake. Kompyuta tatu zilitumia takriban nusu saa, na haki za tani zipatazo 25,000 zikabadilisha wenyewe.

Figo zilifikiwa mwaka 2020, pale Malte Breuer na Ulrike Meyer wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, pamoja na wenzao, walipochapisha itifaki ya kwanza ya kulitatua tatizo la kubadilishana figo bila mtunzaji wa orodha. Itifaki hiyo ilitumia usimbaji fiche unaoruhusu kujumlisha namba zikiwa bado zimefungwa, huku ufunguo wa kuzifungulia ukigawanywa ili asiwepo wa kuzifungua peke yake. Kila jozi hujulishwa wenza wake wa mabadilishano, basi. Gharama yake ilikuwa muda. Kompyuta ya kawaida ikikuta mtoaji wa kundi A na mgonjwa wa kundi O huiacha jozi hiyo papo hapo. Inayofanya kazi gizani hairuhusiwi kuacha, kwa sababu kitendo chenyewe cha kuacha kingewaambia watazamaji kwamba hawakupatana, kwa hiyo hulazimika kuipita kila njia mpaka mwisho, na njia hizo huongezeka kwa kasi ya kutisha kila jozi mpya inapoingia. Mwaka 2022 watafiti wa Darmstadt walitoa mfumo wa SPIKE, wenye kasi kubwa zaidi na unaozingatia vigezo vingi zaidi vya kitabibu, ukiwamo umri na uzito, na mwaka huohuo kundi la Aachen likaja na mbinu nyingine mpya.

Haifai, hata hivyo, kuzidai mbinu hizi zaidi ya uwezo wake. Hesabu ya gizani huficha namba. Haiulizi kama namba hiyo ni ya kweli, na maabara iliyoamua kuandika uongo itaufunga uongo wake kwa ufunguo uleule unaofunga ukweli. Wala haizuii hila ambayo Roth na Itai Ashlagi waliichambua, ya hospitali kubaki na jozi rahisi na kupeleka kwenye mpango wa pamoja zile ngumu tu.

Jambo la ajabu ni mahali ambapo utafiti huu umestawi, yaani Ujerumani. Sheria ya upandikizaji ya Ujerumani ya mwaka 1997 ilimruhusu mtu aliye hai kumpa figo ndugu wa karibu, mwenzi wa ndoa, mchumba au mtu ambaye ana uhusiano naye wa karibu ulio dhahiri, kwa hiyo familia mbili zilizotaka kubadilishana watoaji zilitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba zimefahamiana vya kutosha. Itifaki za Aachen na Darmstadt, zinazohakikisha kwamba hakuna anayemjua mwingine kupita inavyolazimu, ziliandikwa chini ya sheria hiyo. Julai 2024 baraza la mawaziri lilipitisha muswada wa kuondoa sharti hilo kwa mabadilishano ya figo. Novemba serikali ya mseto ikavunjika kabla ya muswada huo kuwa sheria.