Maumivu na Dawa za Kuyatuliza

Maumivu ni hisia isiyopendeza ya mwili na ya nafsi, ambayo kwa kawaida huashiria kwamba mwili umedhurika au u hatarini kudhurika. Kazi yake ni ulinzi: anayegusa sufuria ya moto huondoa mkono kabla hajafikiri. Watu wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu huungua na kuvunjika mifupa bila kujua. Lakini maumivu yakishatoa onyo lake hayana faida ya kuendelea kumtesa mgonjwa, na kila dawa ya kuyatuliza huyakabili mahali pake maalumu katika njia yanayopita.

Njia ya maumivu

Ngozi, misuli, mifupa na viungo vya ndani vina ncha za neva zinazoamshwa na joto kali, mgandamizo au kemikali. Penye jeraha, seli hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazozifanya ncha hizo ziwe nyepesi kuamka. Ndiyo sababu kidonda huuma hata kikiguswa kidogo. Taarifa husafirishwa na neva za aina mbili. Zenye utando wa mafuta hupeleka kwa kasi ule mchomo wa kwanza, na zisizo na utando huleta polepole maumivu ya kufukuta yanayofuata. Zote huingia kwenye uti wa mgongo, kisha taarifa hupanda hadi kwenye ubongo, unaotambua panapouma na kuyaunganisha maumivu na hofu au huzuni.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una lango: neva za mguso zikichangamka, taarifa za maumivu hupita kwa shida. Kwa hiyo kusugua goti lililogongwa kunasaidia kweli. Ubongo nao huweza kulibana lango hilo, na mwili una vitulizo vyake wenyewe. Baadhi yake viligunduliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Scotland.

Dawa za kawaida

Parasetamoli hutuliza maumivu madogo na homa. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine huhitaji pungufu ya hapo. Kwa kuwa dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, ni rahisi kuzidisha bila kujua, na ini huweza kuharibika kabla mgonjwa hajaona dalili.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wa prostaglandini. John Vane alionyesha jambo hilo mwaka 1971 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Zinafaa kwa maumivu yenye uvimbe, kama ya viungo, meno na hedhi. Hata hivyo, prostaglandini hulinda pia ukuta wa tumbo na mtiririko wa damu kwenye figo, hivyo dawa hizi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Hazifai mwishoni mwa ujauzito. Katika homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huongeza hatari ya kutoka damu. Mgonjwa hupewa parasetamoli.

Ganzi na maumivu ya neva

Lidokaini, inayotumika kung'oa jino au kushona jeraha, huzuia neva kupitisha taarifa. Maumivu ya neva zenyewe, kama ya kuwaka moto miguuni kwa wenye kisukari au yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, mara nyingi hayasikii vidonge vya kawaida. Hutibiwa kwa amitriptilini au gabapentini, ambazo huhitaji wiki kadhaa kuonyesha nguvu.

Mofini

Mofini, iliyotengwa na Mjerumani Friedrich Sertürner kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, hufanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya vitulizo vya mwili. Husababisha choo kigumu na usingizi; ikizidi hupunguza pumzi, na naloksoni ndiyo huiondolea nguvu. Uraibu ni hatari ya kweli, ndiyo maana hutolewa kwa uangalizi.

Uangalizi huo haupaswi kugeuka kunyimwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilionyesha kwamba unga wa mofini uliochanganywa na maji hutosha kumpa mgonjwa wa saratani nafuu akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Dozi hutolewa kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi. Familia inayoogopa mofini kwa sababu ya uraibu inastahili kuelezwa hayo yote na mhudumu wa afya, ili mgonjwa asiendelee kuteseka huku dawa ipo.